Mnazi wa Ndani ya Pipa

Indo Cenning alirithi nyumba. Kaka yake alirithi ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hiyo. Ndivyo mama yao alivyogawa, na wengi hapa kwetu hugawa hivyo hivyo: binti wa mwisho anaachiwa nyumba kwa sababu ndiye aliyemuuguza mama, na mtoto wa kiume anaachiwa ardhi kwa sababu ni mtoto wa kiume. Mara nyingi hakuna tatizo. Ndugu wanaelewana, nyumba inakaa ilipo, wazee wanakufa, na ugomvi unaachiwa wajukuu. Kwa Indo Cenning mambo yalianza mapema kidogo.

Nyumba zetu sisi Wabugis husimama juu ya nguzo, na nguzo hazichimbiwi, zinakaa juu ya mawe. Kwa hiyo nyumba ni mali ya kuhamishika, sawa na kabati. Mwenye ardhi akikwambia uondoke, huachi nyumba yako nyuma. Unapika wali wa kunata, unawaita wanaume baada ya sala ya Ijumaa, wanafunga mianzi chini ya sakafu, wanaibeba mabegani na kwenda kuiweka unapotaka. Nyumba ya Indo Cenning ina nguzo kumi na sita za mti mweusi, mzito kupita kiasi. Nasema hivyo kwa sababu nimeibeba mara mbili, na bega langu la kushoto halijasahau.

Mimi naitwa Beddu, ninaendesha mashine ya kukoboa mpunga, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa jirani yake, popote nyumba yake ilipokuwa. Kijiji chetu ni kidogo, hata ukihamishwa huendi mbali. Pikipiki yangu naiegesha chini ya nyumba yake, katikati ya nguzo, kwa sababu chini ya nyumba yangu kuna mbuzi na mbuzi hula nyaya. Yeye hufuma sarongi za hariri hapo hapo chini, kwenye kitanda chake cha kufumia, na siku zote alikisogeza kidogo nipate nafasi. Hakuwahi kulalamika. Nilidhani ni ukarimu.

Mara ya kwanza nyumba ilihama Indo Cenning akiwa na miaka thelathini. Mama yao alikuwa amezikwa mwaka mmoja tu. Kaka yake, Patongai, ambaye wakati huo hakuwa Haji bado, alitaka mahali pa kuanikia mpunga, na mahali palipokuwa tambarare kuliko pote ni pale nyumba iliposimama. Akamwambia dada yake asogee. Akasogea. Mumewe, La Sennang, alikuwa Malaysia upande wa Sabah, kwenye mashamba ya michikichi, na alikuwa mtu asiyepokea barua wala kuandika. Miaka miwili baadaye akarudi usiku wa kuamkia Idi bila kumwambia mtu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake, akakuta uwanja wa saruji na mpunga juu yake. Alikaa pale na begi lake mpaka asubuhi. Alipoonyeshwa nyumba ilipo, alikaa miezi miwili, akarudi Sabah, na huko akafa na kuzikwa. Indo Cenning aliniambia siku moja, huku anapitisha uzi, kwamba kati yake na mumewe, La Sennang ndiye wa kwanza kupata ardhi.

Mama yao alikuwa amesema jambo moja kabla ya kukata roho, na wote wawili walilisikia: Patongai asiache nyumba ya mdogo wake ikakosa mahali pa kusimama. Patongai aliitimiza ahadi hiyo neno kwa neno. Nyumba haikukosa mahali pa kusimama hata siku moja. Mama hakusema mahali gani, wala kwa muda gani.

Mara ya pili ilikuwa binti wa Patongai anaolewa na anajengewa nyumba ya matofali. Hapo ndipo nilipoibeba nyumba ya Indo Cenning kwa mara ya kwanza. Safari hiyo Patongai, ambaye sasa alikuwa Puang Haji Patongai, yaani Bwana Haji, na kofia yake nyeupe, alimpa dada yake kipande kizuri karibu na barabara, chenye kivuli, na Indo Cenning akafurahi, akataka kupanda mnazi mbele ya ngazi. Mbegu alikuwa nayo tayari, imeshachipua.

“Usipande, Ndi,” Haji akamwambia. Ndi maana yake mdogo wangu. Siku zote alimwita hivyo, kwa upole kabisa.

“Mnazi mmoja tu, kaka.”

“Pilipili panda. Mchaichai panda, panda hata mihogo. Mnazi hapana. Mnazi unakaa miaka sitini. Kesho watoto wangu wataambiwa na watu, mnazi ni wa Cenning, basi na ardhi ni ya Cenning.”

Na hapo alikuwa anasema kweli. Kwetu mti wa kudumu ni ushahidi. Anayekaa kwenye ardhi ya mwenzake hupanda vitu vya msimu, akipanda mti wa kudumu ameanza kesi. Indo Cenning hakutaka kesi na kaka yake. Akatafuta pipa la mafuta, akamwomba fundi alikate katikati, akalijaza udongo, akapanda mnazi wake humo. Akaliweka pipa juu ya matofali matatu, ili mtu yeyote aone kwamba haligusi chini.

Ule mnazi ukakaa ndani ya pipa miaka kumi na minane. Ulifika kifuani kwangu ukaacha kukua. Majani yake yalikuwa mafupi na ya njano njano, na haukuwahi kutoa hata kidaka kimoja. Kila Idi Haji alikuja na familia yake kuomba msamaha, kama desturi ilivyo, akala vitafunio, akampa dada yake mkono, kisha akishuka ngazi aliliinamisha pipa kidogo kwa mguu na kuchungulia kama mizizi imetoboa. Halafu akalirudisha vizuri juu ya matofali. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi, na sikuona ajabu, jambo ambalo sasa hivi linaniudhi.

Msidhani Haji ni mtu mbaya. Alimnunulia dada yake mabati, na alipougua kifua alimpeleka mjini kwa gari lake mwenyewe. Ila ardhi kwake ilikuwa jambo jingine. Siku moja Indo Cenning, baada ya kuuza sarongi zake kwa miaka mingi na kujinyima, alimfuata. Nilikuwepo, nilikwenda kudai mifuko ya mashine.

“Kaka, niuzie are mbili za kiwanja,” alisema. “Popote utakapopenda wewe.”

Haji akaweka kikombe chini. “Nikuuzie? Watu watasemaje? Haji Patongai anamuuzia dada yake udongo?”

“Basi nipe.”

“Nikupe ili iweje? Si unakaa? Kuna siku umelala nje?”

“Sijalala nje.”

“Haya. Sasa shida iko wapi?”

Indo Cenning alikaa kidogo akatafuta shida iko wapi. Kisha akasema, “Iye, Puang,” ndiyo ya heshima, na akashuka ngazi. Hivyo ndivyo alivyofungwa. Kuuziwa ilikuwa aibu kwa kaka yake, na kupewa ilikuwa hasara kwa kaka yake. Binti wa pekee wa Indo Cenning, Hasnawati, alimwita akakae naye Makassar, kwenye nyumba ya kupanga. Alikwenda akakaa siku nne. Akarudi akisema sakafu ya kule iko chini mno, kila mtu anayepita nje anakutazama usingizini.

Halafu wakaja mbayuwayu.

Kama hujaishi huku huwezi kujua mbayuwayu wamefanya nini kwenye bei ya ardhi. Kiota chao kinaliwa na matajiri wa mbali, na kwa sababu hiyo watu wanawajengea maghorofa: saruji tupu, bila madirisha, vipaza sauti juu vinalia sauti za ndege mchana kutwa ili ndege halisi waamini kwamba wenzao wamehamia. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akakipenda kile kipande chenye kivuli karibu na barabara. Haji akakiuza. Kisha akaenda kumweleza dada yake, na mimi nikiwa chini ya nyumba natengeneza breki, nilisikia kila kitu kupitia sakafu.

“Ndi, itabidi usogee tena.”

“Iye. Nani anakuja kukaa?”

“Ndege.”

“Wangapi?”

“Elfu mbili hivi, Mungu akipenda.”

“Hao wote hawana nyumba?”

“Cenning, usinifanyie mzaha.”

“Sifanyi mzaha, kaka. Nauliza.”

Haji alikuwa amebakiwa na viwanja viwili upande ule. Cha kwanza kilikuwa kizuri, kimeinuka, kinatazama barabara, na alikuwa anakitunza ajenge ghorofa lake mwenyewe la ndege. Cha pili kilikuwa nyuma ya hicho, bondeni, kando ya dimbwi la bata. Mvua ikinyesha wiki nzima, pale huhitaji kwenda kwenye dimbwi, linakufuata. Akampa dada yake cha nyuma. Akamwambia kuna upepo mzuri.

Indo Cenning alikuwa na miaka sabini. Akaenda bondeni akasimama pale muda mrefu. Aliporudi alinikuta kwenye mashine akaniuliza kama pipa likikaa majini linaoza baada ya muda gani. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua, nina mapipa.

Anayeongoza ubebaji wa nyumba hapa kwetu ni Ambo Upe, mzee wa miaka sabini na saba aliyekwishahamisha nyumba arobaini na moja bila kuvunja hata kikombe. Kazi yake ni kutembea kinyumenyume mbele ya nyumba, na kipaza sauti mkononi, akihesabu hatua. Waliobeba hawaoni kitu isipokuwa shingo ya aliye mbele. Akisema kulia wanakwenda kulia, akisema shusha wanashusha. Jicho lake moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia, jambo ambalo baadaye alilitaja mara nyingi.

Ijumaa ile tulikuwa wanaume mia moja na thelathini. Vyombo vilishashushwa, kabati limefungwa kwenye nguzo, ndizi na nazi zimening’inizwa kwenye nguzo ya kitovu katikati ya nyumba. Pipa la mnazi nalo lilifungwa kamba kwenye nguzo ya mbele, likawa linaning’inia kama mtoto mgongoni. Wanawake walikuwa wameshatangulia na masufuria. Haji alitangulia bondeni na mwavuli wake mweusi, akasimama penye vigingi ambavyo Indo Cenning alivifunga vitambaa vyekundu, ili aipokee nyumba yeye mwenyewe, kwa heshima.

Sasa sikilizeni vizuri. Ili kufika bondeni ilibidi tupite juu ya kile kiwanja kizuri. Na kwenye kile kiwanja kizuri kulikuwa pia na vigingi, vinne, vyenye ncha zilizopakwa rangi nyekundu, kwa sababu ofisi ya ardhi ilikuwa imetuagiza kila mtu apigilie vigingi kwenye mipaka yake kabla wapimaji hawajaja. Tulipokuwa katikati ya vigingi hivyo, Haji kule chini akaupunga mwavuli. Alikuwa anatuita, maana yake njooni, bado kidogo. Ambo Upe aligeuza kichwa, akautazama ule mwavuli, akavitazama vile vigingi, akainua kipaza sauti.

“Mwenyeji ameshatoa ishara,” akasema. “Taratibu. Shusha.”

Haji akaupunga mwavuli kwa nguvu zaidi, akapiga kelele.

“Anasema haraka kidogo,” akasema Ambo Upe. “Shusha.”

Mimi nilikuwa kwenye nguzo ya mbele kushoto, karibu na pipa, na niliviona vile vitambaa vyekundu kule bondeni. Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu bega liliniuma. Wengine mia moja na ishirini na tisa kila mmoja ana sababu yake, sijawauliza.

Nyumba ikakaa. Kabla vumbi halijatulia Indo Cenning alishachukua mtungi wa maji na kikapu cha mchele, akapanda ngazi, akaingia, akamwaga maji kidogo penye nguzo ya kitovu. Mwanamke yule hupanda ngazi akipumzika mara mbili. Siku ile hakupumzika. Na hapo mambo yakawa yamekwisha, kwa sababu nyumba ikishamwagiwa maji na mwenyewe, na wali wa kunata ukishaliwa chini yake, hainyanyuliwi tena mpaka yapite mavuno mawili. Ukiinyanyua mapema unamtafutia mwenye nyumba mauti. Wali ulikuwa tayari. Tulikuwa na njaa sana.

Haji akafika akihema, matope mpaka magotini.

“Upe, umefanya nini?”

“Nimeshusha nyumba, Puang Haji.”

“Hapa?”

“Si ulinipungia?”

“Nilikuwa nakuita!”

“Mwavuli ndio ule ule, Puang. Mimi na jicho hili nitajuaje?”

Haji akamgeukia imamu, ambaye alikuwa ana tonge la wali mweusi mkononi. Imamu akatafuna taratibu mpaka akamaliza. Akasema mavuno mawili, ndivyo alivyomsikia babu yake akisema, na yeye si mtu wa kubishana na babu yake. Haji akavua kofia, akaivaa tena. Juu, dirishani, dada yake alikuwa anatutazama sote.

“Mavuno mawili,” Haji akasema. “Halafu mnaiondoa.”

“Iye, Puang,” sote tukasema.

Pipa likafunguliwa kamba, likawekwa juu ya matofali matatu.

Wapimaji waliahidi kuja mwezi wa nne na wakaja mwezi wa nne, jambo lililotukuta hatujajiandaa. Alikuwa dada mmoja wa mjini, kijana, mpole, ana kompyuta ya mkononi na mwavuli wa kumkinga na jua, na wenzake wawili wenye chombo cha miguu mitatu. Utaratibu wao ni huu: kwenye kila kiwanja anasimama mwenyewe, na majirani wa pande zote wanasimama kwenye mipaka yao na kukiri kwamba ni kweli. Kikishaandikwa kimeandikwa, hati inatoka na jina, na jina hilo halifutwi na mavuno.

Kile kiwanja majirani wake walikuwa ni mimi kushoto na Ambo Upe kulia. Haji alisimama katikati, mbele ya ngazi ya dada yake. Watu walikuwa wamejaa, maana hapa kwetu hakuna burudani nyingine ya bure.

“Vigingi hivi alivipigilia nani?” dada wa kupima akauliza. Alikuwa anajaza tu fomu.

“Mimi,” akasema Ambo Upe. “Mimi na Puang Haji. Huu mpaka ni wetu sote.”

Haji akageuka polepole. “Upe.”

“Puang.”

“Siku ile ulisema ulivichanganya na vigingi vya nyumba.”

“Nilivichanganya.”

“Vigingi ulivyopigilia kwa mkono wako. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita.”

“Uzee, Puang,” akasema Ambo Upe, na jicho lake zima halikupepesa. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nyumba arobaini na mbili, hakuna kikombe kilichovunjika.

Dada wa kupima akaona kuna kitu asichokielewa, akaendelea na fomu. “Nyumba ni ya nani?”

“Ya mdogo wangu,” akasema Haji.

“Na ardhi?”

Haji akaitazama ngazi ya dada yake. Yule dada akatusubiri, kisha akanigeukia mimi. “Wewe jirani, ardhi hii unaitambua kuwa ya nani?”

Nilijua jibu. Kila mtu alilijua. Nikatazama pikipiki yangu, iliyokuwa chini ya nyumba kama kawaida, nikasema kwamba mimi ni mtu wa mashine, ardhi siielewi sana. Akamgeukia Ambo Upe. Ambo Upe akasema anaumwa jicho. Nyuma yetu watu zaidi ya hamsini wakakaa kimya, na kimya cha watu wetu mimi nakifahamu. Wangemchapa mtu makofi ingekuwa nafuu.

Indo Cenning alikuwa anashuka ngazi na sinia la kahawa, kwa sababu wageni wamekuja nyumbani kwake. Akampa yule dada, akawapa wenzake wawili, akampa kaka yake kikombe kikubwa, chenye sukari nyingi kama anavyopenda. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Ardhi ni ya kaka yangu, mwanangu. Andika Haji Patongai. Mimi nina nyumba tu.”

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa kwa uchungu Haji angeweza kujibu. Alisema kama mtu anayetaja mvua ilinyesha lini. Kisha akapangusa sinia kwa ncha ya sarongi yake na kuanza kupanda ngazi, akapumzika kwenye daraja la tatu, kama siku zote.

Haji alishika kile kikombe bila kunywa. Alimtazama dada yake mgongoni mpaka alipofika juu. Halafu akalitazama pipa.

“Andika Cenning,” akasema.

“Samahani?”

“Cenning binti Massi. Andika, jua linatuchoma.”

Yule dada akabonyeza bonyeza. “Sawa. Ameipataje? Ameinunua, amepewa au amerithi? Lazima nichague moja.”

Hapo ndipo Haji alipokwama kwa miaka yote. Akisema ameinunua ni aibu. Akisema amempa, kila mtu ataanza kuuliza mbona hakumpa miaka arobaini iliyopita. Haji alikishika kikombe mpaka kahawa ikaacha kutoa moshi.

“Amerithi,” akasema. “Kwa mama yetu. Ilikuwa yake tangu mwanzo. Mimi nilikuwa namshikia tu.”

Dada wa kupima akaandika. Akatuuliza majirani kama tunakiri. Ambo Upe akakiri. Mimi nilikiri huku nalia, na sioni haya kusema, ingawa nilisingizia vumbi. Indo Cenning alikuwa juu dirishani ameshika sinia tupu kwa mikono miwili. Hakusema iye wala hakusema asante. Alisema, “Kaka, kahawa inapoa.”

Jioni ile ile Haji alikuja na jembe na shoka, peke yake. Akachimba shimo mbele ya ngazi, vibaya, maana miaka mingi wamemchimbia wengine. Akalipasua pipa kwa shoka. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani mara nyingi hata pipa lilipotoka yenyewe ilibaki na umbo la pipa. Wakauingiza mnazi shimoni pamoja, yeye upande mmoja na dada yake upande wa pili, wakafukia. Haji akayachukua yale matofali matatu akaondoka nayo. Ni yake, kusema kweli.

Mnazi ulikufa mwezi wa tatu baada ya kupandwa. Tulimwagilia, tukauwekea samadi, ukafa. Ambo Upe alisema ulikuwa umeshazoea pipa. Nilidhani Indo Cenning atahuzunika, na alihuzunika siku mbili tatu. Kisha akang’oa kile kisiki akakifanya kuni, akatafuta nazi nyingine iliyochipua, akaipanda pale pale. Hati ilikuwa imeshafika. Aliifunga kwenye plastiki akaining’iniza kwenye nguzo ya kitovu, kati ya ndizi na nazi.

Nilimkuta anaumwagilia mche huo asubuhi moja, nikiwa narudi kutoka kwenye mashine. Una majani mawili tu. Nikamuuliza utazaa lini.

“Miaka sita,” akasema. “Mingine saba.”

Ana miaka sabini na mbili. Hesabu hiyo niliifanya kichwani na nadhani yeye aliifanya kabla yangu. Nikaingiza pikipiki chini ya nyumba kama nilivyofanya miaka yote, nikazima injini, nikatoa ufunguo.

“Beddu,” akaniita.

“Iye, Indo.”

Alikuwa amesimama na ndoo, ananitazama mimi, pikipiki, kisha kigingi chekundu kilicho kati ya kwake na kwangu.

“Hiyo pikipiki,” akasema, “kaiegeshe kwako. Hapa ni kwangu.”

Nikaisukuma mpaka kwa mbuzi.